Jesse Boot wa Nottingham: aliuzaje dawa bei chee miaka yote ile bila kufilisika?

KauntaYaNyuma ameuliza:

Wakuu, habari za jioni.

Kuna somo la usimamizi wa duka la dawa linalohitaji mfano wa mtu halisi, na jina linalorudi kila mara ni Jesse Boot, mwanzilishi wa Boots ya Uingereza. Shida ni kwamba maelezo mengi yanakwenda hivi: alishusha bei, wateja wakafurika, mara akawa na maduka zaidi ya mia tano. Yeyote aliyewahi kusimama kaunta anajua ukishusha bei kienyeji humalizi mwaka.

Kwa hiyo nauliza matatu:

1. Hesabu yake ilikaaje? Faida ilitoka wapi kama bei ilikuwa chini vile?
2. Hakuwa mfamasia. Sheria ilimruhusuje kuwa na maduka ya dawa?
3. Kwa nini aliiuza kampuni mwaka 1920 ilhali alikuwa na mtoto wa kiume wa kumrithi?

Naomba majibu yenye namba. Hamasa tunayo ya kutosha.

RatiliNaWakia amejibu:

Mkuu, nichukue la kwanza. Lakini lazima ujue kwanza alikotokea, maana hesabu yake imezaliwa hukohuko.

Baba yake, John Boot, alikuwa kibarua wa mashambani aliyehamia kwenye dawa za mitishamba. Mwaka 1849 alifungua kiduka mtaa wa Goose Gate, Nottingham, mji wa viwanda vya lesi na soksi. Wateja walikuwa vibarua ambao ada ya daktari iliwashinda. Jesse alizaliwa 1850. Baba akafariki 1860, mama yake Mary akaendelea na duka, na kijana akaacha shule akiwa na miaka 13 ili asimame kaunta. Mwaka 1871 akawa mbia wa mama yake, duka likaitwa M & J Boot; 1877 akalishika peke yake. Sasa hapo ndipo mambo yanapoanza.

Duka la dawa la zama zile lilikuwa na mali za aina mbili. Kwanza, dawa zenye nembo, mfano vidonge vya Beecham's. Serikali ilizitoza kodi kwa kubandika stempu, ndiyo sababu bei yake ilikuwa ya ajabu: shilingi 1 na peni 1 na nusu. Hiyo peni 1 na nusu ni stempu. Pili, vitu vya kupima kwa mizani: haluli (chumvi ya kuharisha), soda, mafuta ya nyonyo, sabuni laini. Hivi vilinunuliwa kwa mzigo mkubwa na kuuzwa kwa wakia, kidogo kidogo, na hapo ndipo faida nene ya wauza dawa ilipokuwa imejificha.

Chukua haluli. Ratili moja ina wakia 16. Ukiuza peni 1 kwa wakia, ratili nzima inamtoka mteja peni 16, yaani shilingi 1 na peni 4. Boot akaiuza ratili nzima kwa peni 1. Aliinunua kwa tani, akairundika pale mpita njia anapoiona, akatuma mpiga kengele atangaze mitaani. Tani ya Kiingereza ina ratili 2,240, hivyo ikiisha yote inaleta peni 2,240. Pauni moja ilikuwa na peni 240, kwa hiyo ni pauni 9, shilingi 6 na peni 8. Ukitazama bei ya rejareja ya wenzake utasema huyu anagawa mali. Ukitazama bei ya tani unaona bado kinabaki kitu, kwa sharti moja tu: tani iishe haraka.

Ili iishe haraka na asikwame, alishikilia mambo manne kwa pamoja. Wengi wanaiga moja, ndiyo wanaanguka.

Alinunua kwa fedha taslimu. Muuzaji wa jumla anayelipwa papo hapo anashusha bei, na wewe hudaiwi na mtu mzigo ukichelewa kutoka.

Aliuza kwa taslimu. Wauza dawa wengi waliwakopesha wateja wenye nafasi na kungoja malipo. Boot hakukopesha, na neno "Cash" likaingia kabisa katika jina la maduka yake, Boots Cash Chemists. Fedha ya leo inanunua mzigo wa kesho.

Bidhaa zilifungashwa kabla mteja hajafika. Kupima wakia moja moja mbele ya mteja kunakula dakika, na kwa bei ya peni 1 dakika hizo ndizo hasara. Pakiti ikiwa tayari, msaidizi mmoja anahudumia foleni nzima.

Alitangaza bei, si sifa. Februari 1877 alilipia tangazo gazetini lenye orodha ya bidhaa 128 na bei zake mpya. Msomaji alilinganisha mwenyewe.

Kwa wanafunzi wako, hesabu ya mzunguko inaeleweka hivi. Una mali ya shilingi 1,000,000. Ukiongeza 40% na mali ikazunguka mara 3 kwa mwaka, faida ghafi ni 1,200,000. Ukiongeza 15% tu lakini ikazunguka mara 12, ni 1,800,000. Pango ni lilelile. Mishahara itapanda kidogo, kwa sababu hiyo ndiyo maana ya kufungasha mapema.

Ila tuwe wakweli: 15% ikizunguka mara 6 inakupa 900,000, umepotea kuliko ulipoanzia. Watu wengi wanaofunga maduka wapo hapa katikati.

Mwananyanda amejibu:

Naweka kigoda hapa. Swali dogo kwa RatiliNaWakia: hiyo haluli si ilikuwa chambo tu? Unauza kwa hasara, mteja anaingia, anakamatwa kwenye vitu vingine?

RatiliNaWakia amejibu:

Chambo ndiyo, hasara hapana. Tofauti ni kubwa. Chambo cha hasara kinataka ujue kwa uhakika kwamba mteja atanunua kingine. Mteja wa Goose Gate alikuwa na peni moja mkononi na hakuwa na kingine cha kununulia. Ilibidi kila pakiti ijilipie. Akirudi wiki ijayo na shilingi, hiyo ni nyongeza.

KifunguCha4 amejibu:

Nachukua swali la pili. Hapa ndipo Boot alipopata mlango ambao wenzake hawakuuona, au waliuona wakaogopa kuupita.

Sheria ya Famasi ya 1868 ya Uingereza ilimkataza mtu yeyote kuuza sumu zilizoorodheshwa, au kutumia cheo cha muuza dawa, bila kuwa amesajiliwa. Sumu hapa ni pamoja na kasumba (afyuni) na dawa nyingi za maana, kwa hiyo bila usajili ulibaki na mitishamba, sabuni na chumvi. Chama cha wafamasia kilipoishtaki kampuni iitwayo London and Provincial Supply Association, kesi ilipanda hadi Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, na mwaka 1880 uamuzi ukatoka: kampuni haihesabiki kuwa "mtu" kwa maana ya sheria ile. Kampuni ikaruhusiwa kufanya kile ambacho Jesse Boot mwenyewe, kama Jesse Boot, hakuruhusiwa.

Mwaka 1883 akasajili Boot and Company Limited. Mwaka 1884 akamwajiri mfamasia aliyesajiliwa, Edwin Waring, na duka likaanza kutoa dawa kwa vyeti vya madaktari kwa bei karibu nusu ya iliyozoeleka. Mwaka huohuo akaanza kufungua matawi nje ya Nottingham, Lincoln na Sheffield yakiwa ya mwanzo.

Msidhani mlango ulibaki wazi hivyo hivyo. Mwaka 1890 mahakama iliamua kuwa kampuni hata ikinusurika, yule aliye kaunta anayekabidhi sumu kwa mkono wake ni mtu, na asipokuwa amesajiliwa anaadhibiwa yeye. Maana yake kwa biashara ni gharama: kila tawi linalouza sumu linahitaji mfamasia wa mshahara, saa zote linapouza. Mwenye duka moja la kichochoroni hawezi. Mwenye maduka mengi anaweza, kwa sababu anagawa mishahara hiyo juu ya mauzo makubwa. Kwa hiyo sheria iliyonuiwa kuzuia minyororo ya maduka ilikuja kuinufaisha. Nadhani jambo hili linafaa kipindi kizima darasani.

Mwisho, Sheria ya Sumu na Famasi ya 1908 ikaweka utaratibu: kampuni iruhusiwe, lakini iwe na msimamizi mkuu aliyesajiliwa, na kila duka liwe chini ya mtu aliyesajiliwa. Mkisoma Sheria ya Famasi ya Tanzania ya 2011 au Sura ya 244 ya Kenya mtaona mfamasia msimamizi yumo, na mwenye mtaji si lazima awe mfamasia. Muundo huo una asili yake katika mvutano huu.

DokaLaMaabara amejibu:

Majibu mazuri, ila mmeruka jambo ambalo kwangu ndilo uti wa mgongo: kutengeneza mwenyewe. Kununua kwa tani kuna ukomo. Jirani naye anaweza kununua kwa tani.

Bei ya chini ilimletea Boot kashfa moja isiyokwisha, kwamba dawa zake ni hafifu, zimechakachuliwa. Wafamasia waliosajiliwa waliisambaza kwa bidii. Majibu yake yalikuwa mawili. Mwaka 1888 kampuni ilibadilishwa jina kuwa Boots Pure Drug Company, yaani usafi wa dawa ukawekwa kwenye kibao cha duka. Na tangu katikati ya miaka ya 1880 alikuwa amekodi vyumba vya kutengenezea dawa Island Street, palepale Nottingham, vikapanuka hadi kuwa viwanda.

Faida ya kiwanda ilionekana wazi 1896. Mwaka huo William Glyn-Jones alianzisha chama kiitwacho Proprietary Articles Trade Association. Utaratibu wake: mwenye nembo anapanga bei ya rejareja, na muuzaji akiivunja, wauza jumla na viwanda vilivyomo chamani vinamkatia mzigo. Huo ulikuwa mkuki uliolengwa kwa watu kama Boot. Mtu aliyejenga biashara yake juu ya kuuza nembo za wengine kwa bei ya chini angekufa. Boot alikuwa na mahali pa kukimbilia: tengeneza dawa ya kazi ileile, bandika jina lako, panga bei yako. Hakuna anayeweza kukukatia mzigo unaoutengeneza mwenyewe.

Baadaye vita vya 1914 vilipokata bidhaa za Ujerumani, kiwanda hicho kikaingia kwenye sakarini na aspirini, na vidonge vya kusafishia maji ya askari. Kampuni ya rejareja tupu isingeweza kugeuka hivyo.

Kuhusu mtaji wa kupanua, aliuza hisa za upendeleo kwa umma, hadi kwa wateja wake. Wenye hisa hizo walipata gawio lao la kila mwaka, lakini hisa za kawaida, zenye sauti ya kuamua, alizishikilia. Aliunda kampuni dada za kanda, na 1901 akanunua kwa mpigo mnyororo wa William Day wa London na kusini, zaidi ya maduka 60. Kufikia 1900 alikuwa na maduka kama 180, na mwaka 1914 yalishapita 500.

BintiMaktaba amejibu:

Assalaam alaykum kaka zangu. Mmeandika mengi na hamjamtaja Florence hata kwa herufi moja. Mnyororo huu ulikuwa na vichwa viwili.

Florence Rowe alikuwa binti wa muuza vitabu wa St Helier, kisiwani Jersey. Jesse alikwenda huko kupumzika baada ya kazi kumchosha hadi kuugua, wakaoana 1886. Alikulia nyuma ya kaunta kama mumewe, ila kaunta ya vitabu na vifaa vya kuandikia, na aliona tatizo ambalo Jesse hakuliona: duka la haluli na sabuni laini humtia haya mwanamke mwenye nafasi. Anamtuma mtumishi, yeye haingii. Na asiyeingia hanunui kwa macho.

Florence akaingiza vifaa vya kuandikia, manukato, fremu za picha, zawadi, vipodozi. Hapa kuna ufundi wa kibiashara. Dawa mteja anainunua akiugua. Zawadi anainunua akipita. Tena bidhaa hizi hazina mfamasia wa kulipwa wala sheria ya sumu, na faida yake kwa kila kipande ni nono kuliko haluli. Zile pesa za mishahara ya wafamasia anazozisema KifunguCha4, sehemu yake ilitoka rafu za Florence.

Kisha ikaja maktaba, Boots Booklovers' Library, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1890. Mwanachama alilipa ada, akaazima kitabu, akakirudisha na kuchukua kingine. Angalieni ilipowekwa: mara nyingi nyuma kabisa ya duka au ghorofani. Kila anayekuja kubadilisha kitabu anapita rafu zote akiingia na akitoka. Vitabu vilikuwa na alama ya ngao ya kijani na kitundu juu ya mgongo, ambamo kiliingia kibati cha mwanachama kikining'inia kwa uzi. Maktaba ilidumu hadi 1966, ilipozidiwa na maktaba za umma za bure na vitabu vya jalada laini. Kwenye matawi makubwa waliongeza na migahawa.

Na wafanyakazi wa kike, waliokuwa wengi, Florence ndiye aliyewashughulikia, hata kakao ya asubuhi kwa wanaofika kazini hawajala. Msiione ndogo. Msichana mwenye njaa anayefungasha unga wa dawa anakosea vipimo.

KauntaYaNyuma ameandika:

Nawashukuru sana, hasa BintiMaktaba, hilo la Florence halikuwamo kabisa kwenye rasimu. Swali la 3 bado. Na la nyongeza: wanafunzi wengi watakwenda kumiliki au kusimamia duka la dawa muhimu moja au mawili, si mia tano. Nini katika haya kinafaa kwao na nini kitawaua?

DokaLaMaabara amejibu:

La 3 ni fupi. Mwaka 1920 Boot alikuwa na miaka 70, amelemazwa na baridi yabisi kwa miaka mingi, anasukumwa kwenye kiti. Mwanawe John alikuwepo, lakini mzee hakuamini kuwa angeimudu kampuni, na walikuwa hawapatani vizuri. Akaiuza kwa Louis Liggett wa United Drug Company ya Marekani kwa pauni milioni 2.25. Kilichofuata kinachekesha kidogo: Wamarekani walimbakiza John, akawa mwenyekiti 1926, na akaonyesha kuwa baba alimhukumu mapema. Mdororo wa uchumi ulipombana Liggett, hisa zikarudi mikononi mwa Waingereza 1933, John akiwa palepale kitini. Mwaka huo duka la 1,000 likafunguliwa Galashiels, Scotland. Jesse hakuyaona hayo. Alifariki Jersey Juni 1931. Sehemu kubwa ya fedha alikuwa ameshaipa Nottingham, ikiwemo ardhi ya Highfields, ambako jengo jipya la chuo cha mji lilifunguliwa 1928.

Nyongeza kwa wanaouza dawa kila siku: Brufen inatoka humo humo. Stewart Adams na John Nicholson waliigundua ibuprofeni, dawa iliyomo ndani ya Brufen, katika maabara ya Boots Nottingham, hati miliki ikaombwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ikaingia sokoni Uingereza 1969. Adams alikuwa anatafuta dawa ya baridi yabisi, ugonjwa uleule uliomweka Jesse kwenye kiti.

RatiliNaWakia amejibu:

La nyongeza nitalijibu mimi, nikiwaomba wenzangu wanirekebishe upande wa sheria.

Kinachofaa bila marekebisho ni taslimu kwa taslimu. Kinachohitaji tahadhari kubwa ni kushusha bei, na kinachoua ni kununua kwa wingi.

Bei kwanza. Kitu unakinunua 800 na kukiuza 1,200, faida 400. Ukishusha hadi 1,000 faida inabaki 200, kwa hiyo lazima uuze mara mbili ili tu urudi pale ulipokuwa. Je, soko litakupa mara mbili? Kwa sabuni, pamba, chumvi za kurudisha maji mwilini, dawa ya maumivu, labda, maana watu wanaziweka akiba nyumbani na wanajua bei yake duka kwa duka. Kwa dawa ya malaria, hapana. Hakuna anayeugua mara mbili kwa sababu dozi imeshuka bei. Wateja wa ziada watatoka kwa jirani, na jirani naye atashusha kesho kutwa. Boot alishusha hasa vitu ambavyo mtu hununua kwa hiari yake na kwa kurudiarudia. Dawa za cheti alizishushia bei baadaye, alipokuwa na Waring na duka limeshajaa.

Kwa hiyo mwanafunzi aanze na orodha ya vitu 15 au 20 ambavyo mteja anajua bei yake kichwani. Hivyo ndivyo vya kushindania bei. Vingine aviache. Na viuavijasumu asiviguse kwa matangazo ya bei hata siku moja: kuuza nusu dozi kwa "bei nafuu" ni kumtengenezea mteja ugonjwa sugu.

Sasa kununua kwa wingi, ambako haluli inadanganya. Haluli ni chumvi, ikihifadhiwa pakavu inakaa. Dawa za leo zina tarehe. Mfano: bidhaa inatoka pakiti 120 kwa mwezi. Muuza jumla anakupa punguzo la 10% ukichukua 1,200. Huo ni mzigo wa miezi 10. Ukisoma boksi unakuta imebaki miezi 9. Utauza 1,080, zitabaki 120, yaani 10% ya mzigo. Punguzo lote limekwenda, fedha imelala miezi tisa, na bado una gharama ya kuteketeza dawa zilizokwisha muda kwa utaratibu wa mamlaka. Na hiyo ni kwa hesabu ya kuuza hadi siku ya mwisho, jambo ambalo hulifanyi, kwa sababu mgonjwa lazima amalize dozi kabla ya tarehe kufika.

Kanuni ya kuagiza: matumizi ya mwezi, zidisha kwa miezi ya kungoja mzigo pamoja na akiba, toa kilichopo rafuni. Unauza pakiti 300 kwa mwezi, mzigo huja kila mwezi, unataka akiba ya nusu mwezi: 300 mara 1.5 ni 450. Rafuni zipo 130. Agiza 320. Usiongezewe kwa sababu dereva wa muuza jumla ana haraka.

Duka la pili hufa kwa sababu zinazojulikana. Dawa zinahamishwa kutoka duka hadi duka bila karatasi, kisha hakuna anayejua upungufu uko wapi. Kila uhamisho uandikwe jina la dawa, namba ya toleo, tarehe ya mwisho, idadi, na sahihi mbili, ya anayetoa na anayepokea. Sababu nyingine: duka la pili linajazwa kwa mkopo wa muuza jumla huku la kwanza ndilo linalolipa. Miezi mitatu baadaye yote mawili yana rafu wazi. Boot alifungua Lincoln na Sheffield akiwa na duka la Goose Gate lililokwisha kusimama, na hata hapo alikuwa na desturi ya kutodaiwa mzigo.

KifunguCha4 amejibu:

Narekebisha kidogo upande wa sheria, kwa Tanzania. Duka la dawa muhimu lina orodha yake: dawa zisizohitaji cheti na baadhi tu ya zinazohitaji. Mpango huo ulianza majaribio Ruvuma mwaka 2003, ukachukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, na mtoa dawa lazima awe amepata mafunzo. Kwa hiyo mwanafunzi anayesoma habari za Boot asijaribu njia mbili. Kwanza, kufungasha upya dawa za kopo kubwa na kubandika jina la duka lake: dawa yenye jina jipya ni bidhaa mpya, inahitaji kusajiliwa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) na kutengenezwa na kiwanda chenye kibali. Pili, kuazima cheti cha mfamasia kining'inie ukutani huku mwenyewe hayupo. Hiyo kesi ya 1890 ingemkuta msaidizi aliye kaunta, na sheria zetu zinamkuta na mmiliki pia.

Kwa vitu visivyo dawa, sabuni, pamba, miswaki, mafuta ya watoto, rafu ya Florence iko wazi kwa yeyote. Aanzie hapo.

BintiMaktaba amejibu:

Naongeza hapohapo kwenye rafu. Vitu vya mtoto viwe upande anaosubiri mama wakati dozi inahesabiwa, kimo cha macho yake, bei imeandikwa. Bei isiyoandikwa mama hauulizi akiwa na foleni nyuma yake, anaondoka. Na vitenganishwe na dawa, asije mtoto akanyoosha mkono akachukua chupa ya dawa akidhani ni mafuta.